Plagi Iliyoniambia Mume Wangu Hakufika Ifakara

Mume wangu alirudi kutoka Ifakara bila kufika Ifakara.

Hakuna jirani aliyeniambia. Sikuota, wala sikwenda kwa mganga. Iliyoniambia ni plagi ya pikipiki.

Najua kuna watakaocheka hapo. Chekeni tu, ila msome mpaka mwisho.

Kuna wanawake wananusa shati mume akirudi safari. Wengine wanapekua mifuko. Mimi nilikuwa nachukua spana nafungua plagi.

Naitwa Merina, mtoto wa fundi Donati wa Mlabani, pale Ifakara mjini. Baba alikuwa na gereji ya mabati mbele ya nyumba, na alijaliwa watoto wa kike watupu. Kwa hiyo vijana wa gereji tulikuwa sisi. Dada zangu walikimbilia jikoni mapema. Mimi nilibaki na baba, nanuka petroli, mama ananifukuza mezani nikanawe tena.

Kazi yangu ilikuwa plagi. Pikipiki ikiletwa, baba hagusi kitu kingine kabla plagi haijatoka.

"Daktari anakwambia toa ulimi," alikuwa akisema. "Na mimi naanzia hapa."

Akanifundisha kusoma. Plagi ikitoka kavu, rangi ya andazi lililoiva vizuri, ujue pikipiki imekimbia njia ndefu na injini imepumua. Ikitoka nyeupe, injini inaungua. Ikitoka nyeusi, imelowa oili, basi ama oili imezidi kwenye petroli, ama pikipiki imetembezwa polepole, imewashwa na kuzimwa, imezungukazunguka hapo hapo.

"Na ukiona nyeusi, usimlaumu mwenye pikipiki kwanza," alisema. "Jikague wewe uliyempimia oili."

Siku naolewa nilipewa masufuria kama wenzangu. Ila chini ya sufuria kubwa baba alificha kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na spana ya plagi, brashi ya waya, na kipande cha msumeno wa chuma. Kile kipande ndicho alichokuwa anapimia mwanya wa plagi, pale cheche inaporukia. Mawifi zangu walilifungua lile kopo mbele za watu, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mume wangu ni Fulgensi, mtu wa kijiji cha Mchombe. Nataka niwe mkweli hapa, maana hadithi za waume zina mtindo wa kumfanya mume shetani tangu aya ya kwanza. Fulgensi hakuwa akinipiga. Pombe alikunywa kwa kiasi. Alikuwa mchapakazi, mpole, na alimpenda mtoto wetu Anselim kupita kiasi.

Pikipiki aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa ya kuchanganya oili na petroli, rangi nyekundu iliyochoka. Mshale wa spidi na ile saa ya kuhesabu kilomita vilikuwa vimekufa tangu enzi za padri. Hilo la kilomita mlikumbuke.

Sasa niwaambie juu ya shamba.

Mtu wa bonde la Kilombero akisema yuko shamba, hamaanishi ameenda asubuhi atarudi mchana. Unahama. Unafunga nyumba ya kijijini, unabeba sufuria, mkeka, chandarua na kuku wako, unakwenda kuishi katikati ya mpunga mpaka uvune. Kwetu mbele kulikuwa na mto, nyuma matete, pembeni majaruba yaliyojaa maji. Jirani wa karibu ungemwona kama una macho mazuri. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, tuta jembamba linalokwenda Mchombe.

Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, wanashuka. Unapanda dungu, kile kichanja kirefu cha miti, unashinda juu yake tangu jua linachomoza hadi linazama. Unapiga debe, unarusha udongo kwa teo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Ukishuka kujisaidia ukachelewa, unakuta jaruba zima limebaki makapi.

Mwaka mmoja kabla ya haya, nilikwenda kumzika shangazi yangu. Fulgensi alibaki peke yake na homa ikamwangusha. Kwelea wakala kila kitu.

Tulikula maembe mabichi ya kuchemsha. Anselim alikuwa ndio kwanza anaanza kutambaa, akaacha kutambaa. Ninapoandika hivi bado nasikia ile harufu ya maembe.

Basi mwaka 1996 mpunga wetu ulikuwa umesimama vizuri, umeinama kwa uzito. Siku hiyo akapita mchuuzi wa samaki kutoka mjini.

"Mama Anselim, fundi Donati anaumwa. Miguu imevimba. Anakuulizia."

Nilishuka kwenye dungu mbio. Nikamfuata Fulgensi.

"Baba Anselim, nakwenda Ifakara."

"Nani atabaki na ndege?"

"Wewe."

"Mimi peke yangu tena?" Alimtazama mtoto, hakunitazama mimi. "Umesahau mwaka jana?"

Sikuwa nimesahau. Hapo ndipo alipokuwa amenishika.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Nitamwona, nitakuletea habari. Ikibidi nitakuwa nakwenda kila mara. Wewe kaa na mpunga, wewe ndege wanakuogopa kuliko mimi."

Nikakubali. Niliogopa maembe.

Nilimwandalia pikipiki mwenyewe. Alikuwa amenunua plagi mpya, akasema ile ya zamani nitupe. Mtoto wa fundi hatupi plagi. Niliifuta, nikaitia kwenye kopo langu la maziwa. Ile mpya niliikagua mwanya kwa kipande cha msumeno, nikaanza kuifunga kwa vidole, kisha nikamalizia kwa spana bila kulazimisha. Nikampimia na oili kwenye kichupa. Nikamfungia mchele kidogo wa kununua na samaki wa kukausha kwenye kikapu changu cha ukili chenye mistari ya bluu, kikapu nilichosuka mwenyewe, nikampa salamu zote nilizokuwa nazo.

Alikawia kurudi. Alisema mto Lumemo ulijaa. Alirudi amekonda uso, kichwa amenyoa kipara.

"Mjini wamekufanya nini?" nikamtania.

"Mba," akajibu.

"Na baba?"

"Anaendelea vizuri. Anakusalimu sana. Anasema usiache mpunga."

Nililia kwa furaha. Nilifungua plagi kuisafisha, ikatoka kavu, rangi ya andazi. Nikaona kila kitu kiko sawa.

Isipokuwa kitu kimoja. Nilipomaliza kuisafisha ile plagi, Fulgensi alinyoosha mkono, akaichukua, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Ya nini?"

"Wezi."

"Wezi gani huku, viboko?"

Hakucheka. Na tangu siku hiyo pikipiki ikawa inalala chini ya dungu bila plagi. Akiwa anaondoka anaitoa mfukoni, akirudi ananisubiri niisafishe, kisha inarudi mfukoni. Alikwenda nayo shambani, alikwenda nayo mtoni, alilala nayo.

Nilianza kuhisi nimefungiwa, ingawa hapakuwa na mlango. Maji mbele, matete nyuma, ndege juu, na ufunguo wenyewe umelala kwenye kifua cha mume wangu.

Safari ya pili nilimfungashia tena. Samaki, mchele, safari hii na kuku. Akaenda, akarudi.

"Baba?"

"Anatembea kidogo sasa. Samaki amewafurahia."

Nikachukua spana, nikafungua plagi.

Ilikuwa nyeusi. Imelowa oili mpaka kwenye nyuzi za kufungia.

Nikakumbuka maneno ya baba, nikaanza kujilaumu mwenyewe. Labda nimezidisha oili. Labda chujio la hewa limejaa vumbi la makapi. Nikalifungua chujio, nikalifua kwa sabuni, nikalianika. Safari ya tatu nikapunguza oili kwenye kichupa. Nikaisugua plagi mpaka ikang'aa.

Akaenda na kikapu, akarudi bila kikapu.

Nyeusi vilevile.

Jamani, matope ya barabara mtu unaweza kuyaosha mtoni ukafika nyumbani safi. Petroli unaweza kujijazia unavyotaka, na saa ya kilomita ilikuwa imekufa. Lakini plagi huwezi kuidanganya. Pikipiki iliyokimbia njia yote ile hadi Ifakara na kurudi, haileti plagi ya namna hiyo. Ile ilikuwa plagi ya pikipiki iliyotambaa kwenye tuta, ikafika Mchombe, ikazimwa.

Nikajua kuna mwanamke.

 Mimi nashinda juu ya kichanja napiga debe, ngozi inabanduka mabegani, samaki wa baba yangu wanaliwa na hawara. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na nisiseme uongo, niliwaza na mambo mengine ambayo hayaandikiki.

Lakini sikupayuka. Jioni tunakula nikamwuliza taratibu.

"Baba ameiona pikipiki?"

"Ameiona."

"Ameisikia ikilia?"

"Ameisikia, amekaa palepale uani. Kasema iko safi sana, mwanangu anaitunza."

Nikainama kwenye sahani.

Baba yangu alikuwa hawezi kusikia injini iliyokabwa na oili akaiacha iondoke uani kwake. Hata kama angekuwa kitandani hawezi kuinuka, angeita mtu aifungue plagi amletee aione. Ile pikipiki haikufika kwa baba, nikawa sina shaka yoyote.

Kesho yake Fulgensi akachukua mtumbwi kwenda kutazama migono, mitego yake ya samaki, mbali, upande wa chini wa mto. Plagi ilikuwa mfukoni, kifungo kimefungwa. Akanipungia mkono.

Nilisubiri mpaka mtumbwi ukapotea kwenye matete. Nikashuka na kopo langu la maziwa ya unga.

Ile plagi ya zamani ilikuwa na hali mbaya. Kauri yake nyeupe ilikuwa nzima, haina ufa, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ncha yake ilikuwa imelika, kingo zimekuwa duara, na mwanya umetanuka. Nikaipiga brashi ya waya. Nikachota petroli kidogo kwenye tangi, nikaiosha. Nikapitisha msasa kuitafuta ncha upya, nikaifuta kwa upindo wa kanga mpaka punje ya mwisho ya mchanga ikatoka, maana mchanga ukiingia kwenye silinda umeua injini.

Nikaingiza kipande cha msumeno kwenye mwanya. Kilicheza. Nikagonga ule mdomo wa juu kwa mgongo wa kisu, kidogo, nikapima. Nikagonga tena. Ukigonga kwa pupa unaivunja kauri na safari imekwisha. Mwisho kipande kikapita kwa shida kidogo, kama baba alivyokuwa anataka.

Nikaivika kofia ya waya, nikailaza juu ya kichwa cha silinda, nikapiga kiki.

Cheche ya bluu.

Niliifunga kwa vidole, nikamalizia kwa spana. Nikamfunga Anselim mgongoni kwa kanga mbili. Ndege walikuwa wameshagundua kwamba debe limenyamaza. Wingu lao lilipita juu yangu, likazunguka, likatua kwenye jaruba la mwisho. Nilisimama nikawatazama wanavyokula chakula cha mwanangu.

Nikapiga kiki nikaondoka. Nilikuwa nalia, lakini niliondoka.

Mwanamke kwenye pikipiki miaka ile ilikuwa sinema ya bure. Watu waliacha majembe wakanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika tuta kwa macho yote mawili, naomba lile bovu langu livumilie.

Halikuvumilia. Naingia Mchombe tu, injini ikaanza kukohoa. Ikakata, ikashika, ikakata moja kwa moja. Nikaisogeza pembeni, chini ya kivuli cha ukuta wa nyumba moja ya matofali ya kuchoma. Nikafungua plagi. Oili ya zamani iliyokuwa imelala kwenye injini ilikuwa imeipaka weusi wote. Nikachuchumaa, nikatoa brashi, nikasugua.

Ndipo nikainua macho.

Kwenye baraza la nyumba ile, kwenye msumari, kilikuwa kimening'inia kikapu cha ukili chenye mistari ya bluu.

Kikapu changu.

Nilisimama. Spana ilikuwa bado mkononi, na kwa kweli sikukusudia kuiweka chini. Nikasema leo ni leo.

"Hodi hapa."

Akatoka mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mikono ina unga. Nilimjua kwa sura. Ni Apolonia, mjane, kiongozi wa akina mama wa jumuiya ya kanisani. Nikawaza, hata haya haoni, na rozari shingoni.

Aliponiona akasimama wima. Akafuta mikono kwenye kanga haraka haraka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane.

Akashuka barazani, akanishika mkono wangu wa spana kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Pole sana na msiba."

Sikuelewa.

"Msiba gani?"

"Tulisikitika hatukukuona kwenye mazishi. Mume wako alitueleza hali yako, kwamba mimba imeharibika, upo kitandani, na kwamba tusikufuate shambani kukukumbusha. Tukanyamaza. Habari ilipofika tulipanda treni jumuiya nzima, mdogo wangu. Tulimzika mzee vizuri." Akaangalia barazani. "Na asante kwa samaki. Kila mara Fulgensi anatuletea, anasema ni Merina anawashukuru kwa kumzika baba yake. Nikawa nasema, huyu mtoto na ugonjwa wake bado anakumbuka watu."

Mimi sikuwa na mimba. Sikuwa mgonjwa. Na baba yangu alikuwa amekufa.

Sijui nilikaaje chini. Najua nilikuwa nimekaa kwenye vumbi, Anselim analia mgongoni, na Apolonia ananifungua kanga amtoe. Nikawa namwuliza swali moja tu, lini, lini, lini. Akanitajia.

Ilikuwa safari ya kwanza. Ile ya kipara. Ile plagi ya rangi ya andazi, niliyoishika nikafurahi, ilikuwa imetoka kwenye mazishi ya baba yangu.

Kumbe alinyoa kwa sababu ya msiba, kama mkwe anavyotakiwa. Kila nilichoulizia baada ya hapo, baba anakula, baba anatembea, baba amekaa uani, nilikuwa naulizia maiti. Na kila nilipomfungia samaki, Fulgensi alikuwa hana pa kuwapeleka.

Apolonia alipoelewa kwamba sikujua, uso wake ulibadilika. Akampakata mtoto.

"Mpunga umemwachia nani?" akauliza.

"Ndege."

Akamwita binti yake, akamtuma kwa Brigitha, kwa Wilhelmina, na nyumba nyingine ambazo sikuzisikia.

"Wewe nenda kwa mama yako," akaniambia. "Ndege ni kazi yetu. Tungekuja tangu siku ile kama tungeambiwa."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema kwa sauti ya kawaida tu. Mimi yaliniuma kuliko mengine yote.

Nikasugua plagi kwa machozi. Nikaifunga. Ikawaka, na safari hii ikashika kweli. Sikumbuki sana barabara. Nakumbuka nilifungua mafuta yote, nakumbuka upepo, nakumbuka Lumemo ulikuwa na maji kidogo nikapita bila kushuka.

Mlabani nilimkuta mama uani, amevaa nguo nyeusi. Gereji ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama tumboni, akanitazama usoni. "Umepona?"

Kwa hiyo na yeye alikuwa ameambiwa. Nilimweleza yote tumesimama. Mama hakulia. Aliketi kwenye kile kiti cha baba cha gereji.

"Baba yako alisikia pikipiki inaingia," akasema. "Akasema, huyo Merina. Akajaribu kukaa. Akaingia Fulgensi peke yake. Basi akamtazama, akamwambia: mlete mwanangu, mpunga utaota mwaka mwingine. Hakusema tena neno, mpaka jioni akatutoka."

Mpunga utaota mwaka mwingine.

Mimi nililetewa: usiache mpunga.

Mama alinipeleka makaburini. Udongo ulikuwa bado haujashikana. Nililia kilio nilichokuwa nimechelewa nacho, na sitaki kukielezea. Nilipomaliza, nikarudi kwenye pikipiki niliyokuwa nimeiendesha mpaka pale, nikaifungua plagi. Ilikuwa bado ya moto, ikaniunguza vidole, sikujali.

Ilitoka kavu. Kahawia, rangi ya andazi lililoiva.

Nikaichomeka kwenye udongo pale kichwani, nikamwambia, baba, angalia mwenyewe, nimefika.

Fulgensi alikuja kwa treni baada ya siku chache. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kukaa bila kuambiwa. Alikuwa ameshika kofia. Nywele zilikuwa zimeanza kuota.

"Ningekwambia tukishavuna," akasema.

"Ungeniambia amekufa lini?"

Akaikunjakunja ile kofia.

"Mtoto alikula maembe ya kuchemsha, Mama Anselim. Aliacha kutambaa. Nilijiapiza kwamba haitatokea tena. Ungesikia msiba ungekaa hapa mpaka arobaini, na mimi najijua, peke yangu siwezi."

"Ulijaribu kumwomba mtu?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondoka. Na mimi nilimwonea huruma, hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba nilikuwa nimemngoja na hasira yangu yote halafu nikamwona na yeye amefungiwa kwenye dungu lilelile.

"Mpunga je?" nikauliza.

"Upo." Akafuta uso kwa kofia. "Jaruba la mwisho tu ndilo lililoliwa. Wanawake wamejaa shambani, wamegawana zamu, wanaimba tangu alfajiri. Apolonia amenikataza nisisogelee dungu."

Mama yangu ndiye aliyecheka. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Unaona sasa? Ulikuwa uongo wa nini? Watu walikuwepo. Ilitakiwa mdomo mmoja ufunguke, useme tuna msiba na tuna mpunga, tusaidieni. Badala yake mwanaume akabeba siri peke yake, akanifunga mimi ndani yake, na baba yangu akazikwa bila udongo wa mkono wangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama una mzazi anaumwa mahali, usikae unapokea salamu. Nenda. Kazi itakuwepo, na watu wa kukushikia hiyo kazi wapo, ila mpaka uwaambie.

Najua swali linalokuja. Nilirudi kwa Fulgensi?

Yeye alirudi shamba na pikipiki, akaifungia plagi yake ya mfukoni; mimi nilikaa arobaini nzima kwa mama. Kisha nilirudi, ndiyo. Tukazaa wengine. Ana mvi sasa, na hadithi hii anajua naiandika.

Ila siku niliyorudi, kabla sijaweka mzigo chini, nilinyoosha mkono. Hakuuliza. Alifungua kifungo cha shati, akaitoa plagi, akaniwekea kiganjani.

Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Pikipiki ile ilikufa kwa uzee, na mpaka inakufa, kila aliyetaka kwenda nayo mahali alikuja kwangu kwanza.